Naombeni ushauri: nibaki na udongo au nihamie kwenye kompyuta moja kwa moja?

Kidole_Gumba
Habari wakuu. Niko Mwanza, nasoma darasa la sanaa la mtu binafsi hapa mjini. Asubuhi tunafinyanga udongo, jioni tunachonga vitu vile vile kwenye kompyuta kwa programu ya Blender. Sasa ticha anataka kila mtu achague upande mmoja wa kazi ya mwisho na mi nimekwama kabisa, usingizi siupati. Udongo naupenda, ukipitisha dole gumba kwenye shavu unajua mfupa uko wapi, ila kichwa changu cha kwanza kilipasuka kwenye tanuri kuanzia shingoni mpaka sikioni. Kwenye Blender ukikosea unarudi nyuma, hamna kupasuka, labda umeme ukate hujasevu. Tableti ya kuchorea nimeshanunua na laptop nimeiongezea RAM. Naomba mnijibu mapema, na msiniambie nifuate moyo wangu. Kipi kina hela?

Ngosha_wa_Igoma
Kina hela dagaa. Shuka soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba alfajiri uone kama kuna mtu anauliza Blender.

MamaJoshua
Jamani hilo darasa liko wapi na ada shilingi ngapi? Mwanangu yuko form two, daftari la fizikia limejaa madude yenye mapembe, mwalimu kaniita mara mbili. Baba yake anataka amchape, mi nasema tumpeleke akachonge. Samahani mleta mada sijajibu swali lako ila nimeguswa.

Fundi_Plasta
Dogo kwanza tuzungumzie hicho kichwa. Ulikijaza udongo mpaka ndani au ulikikomba? Kichwa kinakatwa juu kikiwa kigumu kiasi, unakikomba ukuta ubaki sentimita 2 hivi, unakwaruza kingo, unapaka udongo wa maji, unafunika tena. Ukichoma kikiwa na unyevu ndani maji yanageuka mvuke kwenye nyuzi 100, hayana pa kutokea, yanapasua. Na kama uliacha nondo au waya ndani ndo kabisa, udongo ukikauka unasinyaa ila chuma hakisinyai, lazima upasuke shingoni. Si ndo hapo ulipopasukia?

Kidole_Gumba
Mkuu ni kweli waya niliuacha. Ticha alisema hamna shida. Ila swali langu ni kuchagua upande, sio huo ufa.

Bibi_wa_Sengerema
Marehemu bibi yangu alikuwa anafinyanga vyungu, hana tanuri wala kompyuta. Alikuwa anasaga vigae vya chungu kilichovunjika anachanganya kwenye udongo mbichi, anasema kilichokwisha kuungua kinamfundisha ambacho hakijaungua. Anachoma kwa majani na mavi ya ng'ombe kavu, tunakatazwa kupita na kelele. Vilikuwa vinapasuka vichache sana. Nyie wa leo mna YouTube na bado vinapasuka. Na siku hizi hata soko lenyewe limeliwa na ndoo za plastiki, wajukuu tumebaki kusimulia tu hapa.

Mzee_wa_Kanuni
Mi naona hakuna aliyegusa jambo la msingi. Kuchonga sura za watu ni kitu cha kujiuliza sana kijana. Soma Biblia, Kutoka 20, palipokatazwa sanamu ya kuchonga. Tafuta kazi ya mikono isiyo na maswali.

Ngosha_wa_Igoma
Mzee na ile kalenda yenye picha yako ya kugombea udiwani tukaichome?

Dada_Nyakato
Mi nina swali moja tu. Darasani mtu anachagua taratibu, wewe unasema usingizi huupati na unataka jibu mapema. Mapema ya nini? Nani anakudai?

Kidole_Gumba
Hamna anayenidai dada. Ni ratiba tu.

Dada_Nyakato
Ratiba ya nani?

Kidole_Gumba
Ok ngoja niseme. Kuna familia imeniomba sanamu ya baba yao, kichwa na kifua, mwalimu mkuu mstaafu, waizindue kaburini siku ya misa ya mwaka mmoja. Walinipa advansi laki sita, ndo iliyonunua tableti na RAM. Hiyo ni gharama ya kazi kabisa, hata fundi seremala akichukua advansi ananunua msasa. Nimefanya kwenye Blender na imetoka vizuri mno. Mpango wangu ni kuitoa kwenye printa ya 3D Dar, ije kwa basi, naipaka maji ya saruji, inakaa. Sura nimechonga mimi kwa mkono huu huu, kilichobadilika ni kalamu tu. Kwahiyo nilikuwa nataka tu mtu anihakikishie kwamba kompyuta ndo njia.

Fundi_Plasta
Aaah, kumbe. Sasa sikiliza. Printa nyingi ndogo za mezani zinatoa kitu cha sentimita 22 kwa 22 na urefu 25 hivi. Kichwa na kifua cha mtu mzima hakiingii, itabidi vipande, na kila kiungio ni ufa. Plastiki yenyewe wanayochapia, PLA, inaanza kulegea kwenye nyuzi 60, na jua la Mwanza juu ya kaburi lisilo na kivuli unalijua, ukipaka rangi nyeusi au kijivu ndo unalizidishia. Mwakani mwalimu mkuu ameinamisha kichwa.

Chuma_Chakavu
🤣🤣 anasahihisha madaftari

Bibi_wa_Sengerema
Sisi tulichongewa mzee wetu na fundi mmoja wa huku, hela tumelipa yote, kitambaa kinafunuliwa padri amesimama, tunakuta ni mjomba wangu wa upande wa mama. Na mjomba yupo hai yupo palepale msibani anakula pilau. Mama mpaka leo akienda makaburini anapitia njia ya nyuma.

Dada_Nyakato
Kidole, na hao watu wanajua kwamba ni ya plastiki?

Kidole_Gumba
Hawajauliza.

Dada_Nyakato
Umewaonyesha nini mpaka sasa?

Kidole_Gumba
Niliwatumia picha kutoka Blender. Kule kuna ile rangi unaweka kitu kinaonekana kama udongo mwekundu, inang'aa kidogo utadhani mbichi. Mama mjane akanipigia analia, ni yeye kabisa, hata ule mkunjo wa jicho la kushoto. Wanajua ipo mezani inakauka. Jamani mi sikusema ni udongo! Na sikusema sio. Picha moja tu walinipa, ya simu, ya karibu, pua imevimba kwa sababu ya lenzi, nimekaa nairudisha pua ya mtu ambaye sijawahi kumuona mpaka macho yanauma. Hiyo kazi hamuioni?

Mzee_wa_Kanuni
Ndio maana nilisema.

Dada_Nyakato
Kazi tunaiona. Mpigie huyo mama leo umwambie ile ni picha ya kompyuta, sanamu yenyewe bado.

Kidole_Gumba
Nikimwambia ataniona tapeli na tapeli siyo mimi. Nikimpelekea kitu kizuri siku ile nani ataulizia kimetokea wapi? Hata magari yanaanzia kwenye kompyuta siku hizi.

Mpelelezi_Huru
Wakuu mi nimekaa kimya nasoma tu ila hii ni chai, tena ina tangawizi. Mjane analia kwenye simu, laki sita, misa ya mwaka, picha moja, yote yamekuja kwa zamu kila mtu akiuliza. Halafu mmesahau kitu kimoja: darasa gani la mtu binafsi hapo mjini lina tanuri la kuchomea sanamu? Na mtu wa kwanza kuuliza ada ni MamaJoshua, sasa hivi atapewa namba ya simu. Huu uzi ni tangazo.

MamaJoshua
We Mpelelezi nina mtoto kweli mimi! Usinichanganye na biashara za watu.

Chuma_Chakavu
Nakazia chai. Mwaka jana humu si alikuja mtu wa Musoma na sanamu ya sangara ya hotelini? Na yeye alikula advansi.

Kidole_Gumba
Tanuri sio la darasa, ni la matofali, ya watu, tunaomba tunaweka vitu vyetu pembeni matofali yakipangwa. Na namba ya simu sijampa mtu yeyote.

Fundi_Plasta
Tanuri la matofali linawezekana, mi nimechomea huko. Joto halilingani, upande huu vinaiva upande ule vinabaki na tumbo bichi.

Mpelelezi_Huru
Basi jibu hili bila kugugo. Kwenye Blender unachonga na uso umekuwa na mabonge, unalainishaje?

Kidole_Gumba
Nashika Shift napitisha kalamu. Ctrl inachimba. Uso ukianza kuvutika vibaya narimeshi, yaani programu inausuka wavu wa umbo upya, ila ukirimeshi kwa matundu makubwa unapoteza kope zote, mi zimeshanipotea.

Mpelelezi_Huru
Hata mpwa wangu angejua hiyo. Tupia picha.

Kidole_Gumba
Siwezi kuweka sura ya marehemu wa watu humu.

Ngosha_wa_Igoma
Hapo kwenye kukataa picha nimeanza kumuamini kidogo.

Chuma_Chakavu
Mi hapo ndo nimeacha kumuamini.

Fundi_Plasta
Mkimaliza kesi yenu. Dogo kama ni kweli, na kama ni uongo basi asaidike mwingine. Hiyo ya Blender usiitupe, izungushe kwenye skrini pande zote iwe ramani yako, fanya udongo huku unaangalia pale. Safari hii waya uache ndani kwa sababu HUCHOMI. Unafunika na kitambaa kibichi na nailoni usiku udongo usikauke. Ukimaliza unamwaga plasta juu, tabaka la kwanza uitie rangi kidogo, ya bluu hata ya kufulia, la pili nyeupe nene. Ikishika unatoa udongo wote, unaosha, unapaka sabuni ndani, unashindilia saruji na mchanga laini na vyuma vyembamba. Ukija kuvunja plasta kwa patasi, ukiona bluu punguza nguvu, ngozi ya mtu iko hapo. Hiyo itakaa kaburini mvua na jua.

Dada_Nyakato
Na mama apigiwe simu.

Kidole_Gumba
Fundi hiyo plasta Mwanza inapatikana wapi na kichwa na kifua vitakula mifuko mingapi?

Fundi_Plasta
Maduka ya vifaa vya ujenzi, waambie unga wa jipsamu, ila sio ule wa kuzibia viungo vya dari, huo unachelewa kushika na ni laini. Chukua kilo kidogo kwanza ujaribu na ngumi yako. Hela imebaki?

Kidole_Gumba
Kidogo.

Chuma_Chakavu
Tableti unaiachia bei gani? Niko Nyegezi, nakuja na pikipiki.

Kidole_Gumba
Siuzi.

Chuma_Chakavu
Laki na nusu, na kalamu yake.