Discovery 3, Lexus LX 470 au Land Cruiser 100: ipi itavumilia Lubumbashi?

Mwana Kampemba
Jambo wakubwa. Niko njia panda kati ya jeep tatu zilizokwisha tumika: Discovery 3 ya mazuti (dizeli) 2.7 iliyotoka Afrika Kusini, Lexus LX 470 ya esansi (petroli) iliyotoka Dubai, na Land Cruiser 100 ya mazuti. Discovery ndiyo rahisi kwa bei kuliko zote, na ndani inapendeza kweli. Kazi yake ni mjini kila siku, Likasi mara kwa mara, na njia ya Kasenga kwenda kumwona mama. Nichukue ipi?

Fundi Kamalondo
Ndugu, urahisi huo una sababu. Mashine ya 2.7 ina mkanda wa taimingi mbele na mwingine nyuma unaozungusha pampu ya mazuti. Muuzaji atakuambia kabadilisha. Wa nyuma mara nyingi hajaugusa. Mashine hizo zinajulikana pia kwa kuvunjika krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani. Turbo, inayosukuma hewa kwenye mashine, ikifa, mafundi wengi wananyanyua bodi nzima kutoka kwenye chesi (fremu ya chini) ndipo waifikie.

Halafu kuna mifuko ya hewa inayobeba gari badala ya springi. Ukivuja mmoja, kompresa inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Kabla hujalipa, liegeshe gari jioni mahali tambarare, pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi, urudi asubuhi upime tena. Pembe zote zikishuka kidogo kwa usawa, si neno. Ikiinama moja peke yake, hapo panavuja.

Mama Bel-Air
Mimi ninayo Discovery 3 na siiachi. Kwenye matope inapita pale ambapo wengine wanavutwa kwa kamba. Ila inataka mtu wa kuifuatilia. Kabla ya mvua za Novemba ninazibua mirija ya dirisha la paa, kwa sababu ikiziba, maji yanashuka chini ya zulia hadi kwenye soketi za umeme. Breki ya mkono ya umeme ikianza kulia kama msumeno, usiendelee kuitumia: breki za nyuma zifunguliwe, vumbi litolewe, irekebishwe. Na ununue kifaa cha kusoma makosa kinachoelewana na Land Rover. Vile vya bei ndogo vinasoma injini tu, upande wa mifuko ya hewa havioni kitu.

Dereva wa Kasenga
Mama anasema kweli, lakini mimi ningechukua Lexus, kwanza kwa ajili ya usukani. Sisi tunaendesha kulia. Gari la Afrika Kusini lina usukani wa kuume, na ukiwa nyuma ya lori la shaba kwenye barabara ya Likasi, lazima utoe pua yote nje ndipo uone kinachokuja. La Dubai lina usukani wa kushoto. Watu wamekufa barabarani kwa sababu ya usukani wa kuume.

Mashine yake, V8 ya 4.7, ni ngumu. Badilisha mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji kufikia kilomita 150,000. Lakini esansi itakuuma: mjini hesabu lita 17 kwa kilomita 100, hata zaidi.

Fundi Kamalondo
Lexus hiyo inakalia mafuta ya haidroliki na tufe za gesi, si springi peke yake. Injini ikiwaka, ipandishe juu kabisa, weka alama kwenye tangi la mafuta hayo, kisha ishushe chini kabisa. Tufe zikiwa mpya, mafuta yanapanda mistari kama 14 ya kipimo cha tangi. Yakipanda 7 au pungufu, tufe zimekwisha.

Land Cruiser 100 ya mazuti ndiyo ningempa ndugu yangu, hasa yenye springi za chuma, ikiwa pesa zinatosha. Vua bomba linalotoka kwenye chujio la hewa, pitisha kidole ndani. Kikitoka na vumbi jekundu, turbo imekuwa ikila mchanga, iache.

Mwana Kampemba
Asante sana. Land Cruiser imenishinda bei. Jumamosi ninaenda kuipima Lexus. Tufe zikiwa zimekwisha, naweza kuweka springi za kawaida?

Fundi Kamalondo
Inawezekana, wengi wanafanya. Lakini usibadilishe nyuma peke yake: vyuma vya msokoto vya mbele, vinavyofanya kazi ya springi, kwenye Lexus ni laini, vinategemea msaada wa mafuta. Tafuta vigumu zaidi pamoja na amortisa (shokomzoba) mpya nne, na umwambie muuzaji apunguze bei kwa kiasi hicho.