Tupeane uzoefu: ruta ya waifai nyumbani ilikusumbua wapi na uliitibu vipi?

Mtata wa Kimara
Wakuu kwema? Uzi huu ni wa wale waliowahi kuhangaika na ruta ya nyumbani, yaani waifai imeshika mistari yote ila WhatsApp inazunguka tu, au ruta mpya kabisa imetoka kwenye boksi haitaki kusetika. Weka kisa chako, dalili ilikuwa nini na ukatibu vipi. "Nikaita fundi akatengeneza" haitusaidii, sema fundi alishika wapi.

Naanza. Mi nauza spea za pikipiki lakini mtaani nishageuzwa fundi mitandao wa bure. Jirani yangu alivutiwa faiba, vijana wa kampuni wakamwekea kile kiboksi chao sebuleni wakasepa. Chumbani haifiki, akaenda Kariakoo kanunua ruta yake, kachukua waya toka kwenye kiboksi kachomeka kwenye tundu la kwanza aliloliona huku kwenye ruta mpya. Jina jipya la waifai likatokea, kila simu inaunga, intaneti hamna, na cha ajabu hata sebuleni kulikokuwa kuzuri kukaanza kukatakata. Kaniita. Naandika 192.168.1.1 kwenye laptopu, unafunguka ukurasa wa kiboksi cha kampuni, nikirifreshi unakuja wa ruta mpya. Hapo hapo nikajua. Vyote viwili vina anwani ileile na vyote vinagawa anwani kwa simu, kitu kinaitwa DHCP, sasa simu ikihudumiwa na ruta mpya inaelekezwa mahali ambapo hamna njia ya kutoka nje. Nikachomoa ule waya kwanza, nikaingia kwenye ruta mpya peke yake, anwani nikaibadili iwe 192.168.1.254 (kiboksi chake kilikuwa kinagawa mwisho 200 kwa hiyo haigongani na mtu), DHCP nikazima, nikaweka jina na paswedi, ndo nikarudisha waya kwenye tundu la LAN (yale ya kuunga vifaa vya ndani). Ikatulia. Kama ruta yako kwenye menyu ina sehemu imeandikwa Access Point chagua hiyo, mengi ya hayo inafanya yenyewe.

Mama Kulwa Dom
Kaka asante kwa uzi. Mi kisa changu cha kwanza ni hata kuingia tu kwenye ruta. Sina laptopu, natumia simu, nimeunga waifai ya ruta, naandika 192.168.0.1 kama ilivyo kwenye stika pale chini, inaniambia ukurasa haupatikani. Kumbe simu nyingi zikiona waifai haina intaneti zinahamia kwenye bando kimyakimya, sasa huko kwenye bando anwani ya ruta yako itaonekana wapi? Zima data, rudia, inafunguka. Dada zangu wenye simu tu hili lishikeni maana hamna anayelisema.

Cha pili, ruta ya zamani iliungua na radi, nikanunua nyingine aina ileile, nikaandika kila kitu sawasawa na bado hakuna kitu. Huduma kwa wateja wananiambia "kwetu iko sawa mama". Kijana mmoja wa zamu ya usiku ndo akaniuliza, umebadilisha kifaa? Kampuni yao wanasajili ile namba ya kifaa, MAC, ruta ikibadilika mtambo wao hauitambui. Nikamsomea namba kwenye stika ya mpya akaisajili, dakika hiyohiyo ikawaka. Baadae nikaona kwenye menyu ya ruta kuna kitu cha kunakili MAC, yaani ungeweza kuipa ruta mpya namba ya ile iliyokufa bila kumpigia mtu.

Kijana wa Ploti
Wasee niko Nairobi, Roysambu, ploti yetu ukiskani unaona waifai za majirani mpaka unachoka kuscroll. Mchana iko fiti, ikifika saa mbili usiku kila mtu amerudi job, inakuwa konokono. Provaida anasema laini iko poa, na ni ukweli, juu nikieka kebo kwa laptopu napata spidi yangu yote. Shida ni hewa. Nikashukisha programu ya kuonyesha chaneli, yaani ile njia ya hewani kila waifai inatumia, nikaona karibu nyumba zote zimejazana chaneli 6. Kwa masafa ya 2.4 GHz chaneli ambazo hazikanyagani ni 1, 6 na 11, hizo tu, na kuna watu wanaeka 3 ama 4 wakidhani wamejificha, hao wanagongwa pande zote mbili. Nikaeka 11, upana wa chaneli nikatoa 40 nikaeka 20 MHz. Simu yangu na laptopu nikazihamisha kwa masafa ya 5 GHz, huko chaneli ni mob na ya jirani haipenyi ukuta sana. Sahi hata saa mbili naangalia mechi bila stress.

Bint Malindi
Assalam aleikum. Huyo wa 5 GHz maneno yake ya kweli lakini kwetu mie hayafai. Nipo Mji Mkongwe, Unguja, nyumba zetu hizi za mawe na chokaa ukuta mmoja unene wake hufika nusu mita na zaidi. Ruta iko ukumbini chini, 5 GHz ukivuka mlango mmoja tu haipo tena, 2.4 inajikokota mpaka ngazini. Mume wangu akanunua kile kirudishio cha kuchomeka kwenye soketi, akakiweka juu kabisa chumbani pale pale ambapo waifai haifiki, sasa kitarudisha nini na chenyewe hakisikii? Tukakishusha katikati ya ngazi, ikawa afadhali lakini spidi ilipungua kama nusu. Kilichotuponya ni waya. Tulipitisha kebo ya mtandao kwenye tundu la zamani la antena ya TV mpaka juu, huko tukaweka ruta ya pili kama alivyoeleza kaka wa Kimara. Na jambo moja, kama TV yako haioni kabisa waifai ya 5 GHz usiibamize, TV nyingi za bei ya chini zina 2.4 pekee, zitenganishe hizo mbili kwa majina uone ipi ni ipi.

Mjomba Siasa
Mnaandika tasnifu. Zima, subiri kidogo, washa. Mwisho wa tatizo.

FundiWaya
Mjomba umenichekesha ila kuna watu wameharibu kwa kwenda hatua moja mbele ya hapo, wanachukua pini wanabonyeza rizeti. Mi ndo kazi yangu hii, nafunga faiba, kwa hiyo wanisikilize: ruta uliyonunua mwenyewe rizeti utakavyo, ila kiboksi cha kampuni USIRIZETI kama huna karatasi ya yuza na paswedi ya PPPoE (zile ambazo kiboksi kinatumia kujiunga na mtambo wa kampuni). Baadhi ya kampuni vinajisetia upya kutoka mtamboni, nyingine inafuta kila kitu, na ukipiga simu wikiendi unasubiri Jumatatu.

Kabla ya kugusa chochote soma taa. Kwenye kiboksi cha faiba kuna taa ya PON, ikiwa kijani haipepesi maana yake mwanga unafika na mtambo umekutambua. Kuna LOS, hiyo ikiwa nyekundu inapepesa, achana na paswedi, achana na chaneli, mwanga haufiki, tatizo ni waya. Juzi nimeenda kwa mteja Tabata ana LOS nyekundu, kashabadilisha ruta, kashagombana na kampuni. Nikafuata ule waya mwembamba wa njano toka ukutani, umepita nyuma ya kochi, mguu wa kochi umeukanyaga ukakunjika pembe kali. Faiba ni kioo, mwanga kwenye kona kali unavuja. Nikasogeza kochi, nikaulegeza waya ukawa duara pana, haukuwa umevunjika, nyekundu ikazima, PON ikapepesa kidogo ikatulia. Sikufungua hata begi. Tafadhali ukiuchomoa usichungulie kwenye ncha, ule mwanga huuoni kwa macho lakini upo, na usiifute kwa shati.

Mtata wa Kimara
@FundiWaya mkuu umemaliza. Hiyo ya taa ingekuwa imebandikwa kwenye kila boksi.

Mkulima Nyanya
Mimi wa mashambani huku Iringa faiba tunaisikia tu, natumia ruta ya laini ya simu. Ilikuwa inajizima na kuwaka yenyewe, hasa jioni watoto wote wakiunga. Nikajua mtandao. Kijana wa duka la simu akageuza adapta akasoma, imeandikwa 12V 0.5A, akageuza ruta, inataka 12V 1A. Adapta ya ruta yenyewe ilipotea wakati wa kuhama, hii ni ya kifaa kingine kichwa kinaingia vilevile. Mtu mmoja akiunga inastahimili, wakijaa umeme hautoshi inaanguka. Volti ziwe zilezile, ampea ziwe sawa au zaidi, basi. Na paa letu la bati, ruta ikiwa katikati ya nyumba inashika mstari mmoja, dirishani upande wa mnara inashika mitatu, sasa inakaa dirishani moja kwa moja.

Mama Kulwa Dom
Baba hiyo ya adapta naenda kuangalia ya kwangu sasa hivi. Swali wakuu: watoto wa jirani paswedi nimebadilisha na bado wapo tu ndani, bando linaisha. Wanapitia wapi?

Kijana wa Ploti
Mathee, WPS iko on? Kile kibatani nyuma ya ruta. Mtu akikifinya ana dakika kama mbili za kuingia bila paswedi, na ruta zingine ile pin ya WPS hubambwa na programu. Zima kwa menyu kabisa.

FundiWaya
Zima WPS, halafu badilisha na ile paswedi ya kuingilia kwenye ruta yenyewe, nyingi bado ni admin na admin. Kama wanaijua hiyo, ukiweka mpya ya waifai wanaingia wanaisoma. Ukimaliza fungua orodha ya vifaa vilivyounga, hesabu simu za kwako, kinachobaki kiblok.

Mama Kulwa Dom
Nimeingia. Ilikuwa admin na admin kweli. Naona simu sita nisizozijua na TV moja. TV!

Mjomba Siasa
Hahahaa wanaangalia mpira kwa bando lako.