Mombo kupanda Lushoto na IST, tusimame wapi tutembee?

Mzee wa Tandika
Wakuu habari za muda huu. Sabasaba hii tunatoka Dar watu wanne na IST yetu ya siku zote, kale kagari kadogo ka Toyota, tunaenda Lushoto. Sitaki safari ya kukaa hotelini kula chipsi, tunataka kutembea kwa miguu, ila mmoja wetu goti linamsumbua kwahiyo milima ya kutambaa hapana. Ile barabara ya kupanda naskia ni kona tupu, IST inaweza? Na njiani kuna pa kusimama?

Gia Namba Mbili
Inapanda vizuri tu mkuu, ni lami, kilomita 33 hivi. Shida ni kushuka. Mimi mwaka juzi nilishuka kutoka Soni nimekanyaga breki njia nzima, kukaribia Mombo harufu imejaa ndani ya gari mpaka mke wangu ananiuliza nani anachoma plastiki, kukanyaga tena pedali inazama tu. Nikaegesha nusu saa nzima, wamama wa nyanya wananicheka. Toa gia kwenye D weka 2 au L, injini ikushikilie. Na piga honi kwenye kona, Coaster za kule hazina habari na wewe.

Binti Msambaa
Karibuni nyumbani. Soni simameni jamani, maporomoko yako palepale kando ya barabara na watu wanapita tu vioo wamefunga. Msikanyage miamba yenye ukungu wa kijani, inateleza balaa.

Kwa mwenye goti, Irente ndo pake. Ni kama kilomita 5 kutoka mjini, njia ya gari lakini nyie tembeeni, mnapita mashamba ya mahindi na watoto wanawasalimia, mara ghafla ardhi inaishia hapo. Chini kabisa unaiona Mazinde, mkonge umepangwa mistari, na malori ya barabara kuu kama siafu. Asubuhi na mapema kunakuwa na ukungu huoni hata kidole chako, nendeni jioni jua likizama. Mkirudi pitieni Irente Farm, mkate na jibini lao vinabebeka kwa pikniki.

Wenye magoti mazima waende msitu wa Magamba, mbega wapo wengi, kiingilio unalipa TFS, wale wakala wa misitu, na mchukue mwongozaji maana njia zinagawanyika hovyo. Na jaketi zito, mwezi wa saba kwetu siyo Tandika.

Mlalo Original
Irente ni ya wageni. Nendeni Mtae, kijiji kimekaa ukingoni kabisa, unaiangalia hifadhi ya Mkomazi yote kwa chini na hewa ikiwa safi unauona na Kilimanjaro.

Binti Msambaa
Watu wa Mlalo mmeanza 😂 Mtae ni zaidi ya kilomita 50 toka mjini tena njia ya kurushwarushwa, goti la watu litafika limevimba. Kwa siku mbili haitoshi, labda wawe na nne.

Mzee wa Tandika
Asanteni sana, basi Soni na Irente jioni, wawili wetu Magamba kesho yake, Mtae tutarudi na gari lingine. Swali la mwisho, zile pichesi na plamsi za Lushoto mwezi wa saba tutazikuta?

Binti Msambaa
Hizo Desemba kaka. Julai mtabeba kabichi na karoti.