Mrejesho: kusoma usaidizi wa daktari huku unafanya kazi

Wakuu, niliuliza kama naweza kusoma uzamili wa usaidizi wa daktari (physician assistant, mtaalamu anayepima na kutibu wagonjwa akishirikiana na daktari) Marekani bila kuacha kazi. Mlionikatalia mlikuwa sahihi. Kazi niliiacha wiki ya tatu, nikiwa nimeshafeli jaribio la anatomia.

Kozi yetu ni miezi 27: mwaka wa kwanza darasani, kisha mizunguko ya wodini na kliniki, zaidi ya saa 2,000. Huko ndiko nilikoiva. Daktari mmoja wa upasuaji alinishonesha miguu ya nguruwe kwa mazoezi hadi vidole vikafa ganzi (sasa namshukuru, wakati ule sikumpenda kabisa).

Wiki hii majibu ya PANCE, ule mtihani wa taifa wa wasaidizi wa daktari wenye maswali 300, yametoka. Nimefaulu! Leseni ya jimbo bado naisubiri.