Mnaofunika kebo mbovu za redio za jeshi kwa tepu na gundi, mtaua mtu

Wakuu, mods naomba uzi huu usihamishiwe jukwaa la matangazo. Siuzi kitu. Nimekuja kutapika nyongo.

Kuna jamaa hapa Uingereza (jina siweki, sheria za jukwaa nazijua) anauza kebo "zilizokarabatiwa" za Wireless Set No. 19. Picha zake zinang'aa, bei imechangamka, na maelezo yake yote ni ya kukutoa wasiwasi: imekaguliwa, imepimwa, chomeka uanze kazi. Najua wapo wenzetu wa Nairobi na Dar mnaomwagizia pia, tena mnalipa usafiri na ushuru juu. Ndiyo maana nauleta huku.

Kwa asiyeijua, No. 19 ni redio ya vifaru iliyobuniwa na kampuni ya Pye ya Cambridge mwanzoni mwa Vita Kuu ya Pili, baadaye ikatengenezwa na Kanada na Marekani pia. Nyingi za Kanada utazikuta zina maandishi ya Kiingereza na ya Kirusi usoni, maana zilikuwa zinapelekwa kwa Wasovieti. Inashika megahezi 2 hadi 8, kwa hiyo sisi wa redio za ridhaa bado tunaitumia kwenye bendi ya mita 40. Umeme wake unatoka kwenye kisanduku cha pembeni chenye dainamota, yaani mota inayozunguka na kupandisha volti. Unaingiza volti 12 za betri, chenyewe kinatoa volti 270 hivi, na nyingine zinazokaribia 500 kwa ajili ya valvu ya 807, ile ya kurushia (valvu ni zile taa za kioo za redio za zamani). Hizo zote zinapita ndani ya kebo, bega kwa bega na zile 12 za kuwashia valvu. Shikeni hapo.

Kebo imenifikia imevalishwa mpira mpya mweusi wa kusinyaa kwa moto, plagi zimepigwa brashi mpaka unajiona. Mimi kebo ya redio ya valvu siichomeki popote kabla sijaipiga mega (kipimo cha uvujaji kinachotumia volti kubwa), tena ikiwa peke yake mezani, haijaungwa na kitu chochote upande wowote. Nikaweka volti 500 kati ya waya na waya. Nilitegemea mshale upande kwenye megaomu za kutosha. Mshale ukalala. Waya wa volti kubwa na waya wa 12 vinavujishiana kana kwamba ni kitu kimoja.

Nikachukua wembe nikachana ule mpira mpya. Ndani yake kuna mpira uleule wa miaka ya arobaini, haujaguswa. Karibu na plagi, pale kebo inapokunjwa kila siku, umevunjika vipande vipande, na chengachenga nyeusi zikamwagika mezani. Nyaya mbili ziko uchi kwa urefu wa kama nusu kidole, zimelala moja juu ya nyingine, katikati yake kuna ukoko mweusi unaonata. Juu ya uozo huo jamaa kapitisha tepu nyeusi, kaufunika kwa mpira wa moto, kaandika "imekarabatiwa". Huku ni kumpaka maiti poda!

Nilipomwandikia akajibu kwamba alipima kwa multimita na kila pini "ililia vizuri". Kaka, multimita inapima kwa volti chache za betri yake ndogo. Mlio ule unakwambia waya haujakatika tu. Haukwambii mpira uliochoka utafanya nini ukikutana na volti 500. Na mpira wa zamani lazima uchoke: hewa na ozoni vinaula, joto la ndani ya kifaru lilishauanza mapema, na salfa iliyotumika kuukomaza inaigeuza shaba kuwa nyeusi hata risasi ya kusodia ikatae kushika. Tena kumbukeni Wajapani waliteka Malaya mwanzoni mwa 1942 na mpira ukawa wa kutafutwa kwa tochi, hadi mashamba ya mpira ya Tanganyika yaliyoachwa tangu enzi za Mjerumani yakafufuliwa. Viwanda vya wakati ule vilitumia kilichopatikana. Hakuna aliyetengeneza kebo ile akitegemea tungeitumia leo.

Kebo ya betri nayo sijui niseme nini. Katoa nyaya nene za asili kaweka waya wa spika. Redio hii ukibonyeza kusema, na dainamota inazunguka, inavuta ampea zinazokaribia 10. Waya ukiwa na ukinzani wa omu 0.2 tu, volti 2 zimepotea njiani. Dainamota inazubaa, valvu hazipati moto wa kutosha, mnunuzi anaanza kufungua redio nzima kutafuta ugonjwa uliopo kwenye waya wa spika.

Ila kilichonichemsha damu kabisa ni hedifoni. Waya wake unaishia kwenye plagi ya kuchomoka. Iliwekwa makusudi, ili askari akiruka nje ya kifaru kinachoungua waya uachie wenyewe usimnase shingoni. Huyu bwana aliiona imelegea, akaiziba kwa gundi ya sekunde tatu! Na upande wa maiki kuna zile nyaya laini za utepe mwembamba wa shaba uliozungushiwa uzi. Yeye kapiga moto wa kusoda moja kwa moja, uzi ukaungua, sasa ukitingisha kichwa sauti inakatika. Waya wa namna ile unabanwa, au unazungushiwa kwanza waya mwembamba wa shaba, ndipo risasi inaguswa haraka na kutolewa.

Mwenzangu mmoja naye alinunua kwake kipaza cha mkono cha PRC-77, redio ya mgongoni ya jeshi la Marekani, chenye plagi ya pini tano. Pini C, ya kitufe cha kusemea, ilikuwa imeshikana na A, ya ardhi. Akichomeka tu, redio inarusha muda wote bila kuguswa.

Na msije kunijibu "hizo za maonyesho tu, nani anaziwasha." Watu wanaziwasha. Watoto wanazishika kwenye maonyesho ya magari ya jeshi. Kama ni ya kutazamwa, andika ni ya kutazamwa na ushushe bei. Kama ni ya kutumika, toa nyaya za ndani zote, ingiza za tefloni au silikoni zinazohimili volti zile, ya betri iwe nene, plagi za asili uzisafishe na kuzirudisha. Kazi ni ndefu na inaumiza mgongo, naijua, na anayeifanya sawasawa nitamlipa bei yake bila kunung'unika.

Hela yangu hajarudisha. Anasema nimeharibu bidhaa kwa kuichana. Naambiwa humu anaingia kwa ID nyingine, basi aje ajibu hapa hadharani: mega aliipiga ya volti ngapi?