Msaada: nyuki wangu hawajifunzi harufu, nahisi ubongo umeharibika

Mwana_Mikindani: Wakuu, shikamooni. Niko Mtwara, nafanya utafiti wa chuo kuhusu kumbukumbu ya nyuki. Nyuki namfunga ndani ya kipande cha mrija, kichwa kikiwa nje. Namnusisha mafuta ya karafuu, kisha namgusisha maji ya sukari kwenye papasi (zile pembe mbili za kichwani anazonusia). Baada ya mazoezi matatu hivi anatakiwa atoe ulimi kwa harufu peke yake. Wangu kwa sukari wanatoa, kwa harufu hawatoi. Nahisi miili-uyoga, zile sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu ya harufu, imekufa. Nithibitishe vipi? Jumatatu nasimama mbele ya msimamizi na usingizi sipati.

Hadubini: Kabla ya ubongo tuangalie mpangilio wako. Harufu sekunde 4. Sukari ianze sekunde ya tatu ikiisha, ikae sekunde 3. Zoezi na zoezi dakika 10. Harufu hupita kituo cha papasi ndani ya ubongo, ikaingia kwenye seli za neva ziitwazo seli za Kenyon zinazojaza miili-uyoga, takriban 170,000 kila upande wa kichwa. Habari ya sukari inaletwa na seli nyingine, VUMmx1. Mwaka 1993 mtafiti Hammer alionyesha kwamba ukiisisimua seli hiyo moja mara baada ya harufu, nyuki anajifunza bila kuonja sukari. Ukiisisimua kabla ya harufu, hajifunzi.

Nguli_Kilwa: Mdogo wangu, achana na nyuki, pweza wamejaa ufukweni. Pweza ana seli za neva kama milioni 500, nyingi zaidi zikiwa mikononi. Watafiti Boycott na Young, kule Naples, Italia, miaka ya 1950, waliondoa sehemu ya juu kabisa ya ubongo wake. Aliendelea kula na kuogelea vizuri, lakini kila alipoonyeshwa kaa aliyeambatana na shoti ya umeme alimrukia tena.

Korosho_Ghafi: Pweza asubiri. Mwana, mzinga wako uko wapi?

Mwana_Mikindani: Nanyamba kwa mjomba, kwenye mikorosho. Wanapiga salfa tu, sioni inahusianaje.

Korosho_Ghafi: Salfa ni ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, si sumu ya neva. Nauliza dawa ya mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi. Ilipigwa au haikupigwa?

Mwana_Mikindani: Ilipigwa, wiki ileile. Chupa imeandikwa imidaklopridi. Sikuitaja kwa sababu ndicho ninachotaka kukithibitisha: kichwa cha ripoti tayari ni "Viuatilifu vya Mikorosho Vinaharibu Miili-Uyoga", na sura ya pili nimeshaimaliza.

Korosho_Ghafi: Ungeanza na hilo. Imidaklopridi inashika vipokezi vya asetilikolini, kemikali ambayo seli za neva hupelekeana habari, na seli za Kenyon hupokea harufu kwa asetilikolini hiyohiyo, kwa hiyo wazo lako lina mashiko. Ila ulimi usipotoka hujui kilichokwama: pua, shibe, au kumbukumbu. Na mwambie mjomba mkorosho wenye maua haupigwi dawa hiyo. Ni kuua wachavushaji wake mwenyewe.

Bandari_Kuu: Huu uzi mimi naona wa kutunga. Nyuki wetu wakali hivi, huyu anawafunga kama anafunga vitumbua, hataji hata barafu! Anataka aandikiwe ripoti. Haya, tueleze nyuki aliyefungwa anafanyaje sukari ikimgusa.

Mwana_Mikindani: Nawaweka kwenye chupa juu ya barafu mpaka waache kutembea, nawatoa papo hapo, nafunga utepe mwembamba nyuma ya shingo. Ukigusa papasi, taya zinaachana kwanza, ndipo ulimi unakunjuka kutoka chini ya kichwa, wa kahawia unaong'aa, ncha ina vinyweleo na inaendelea kulamba hewa hata kijiti kikiondoka. Wengine wanautoa nikiwasha tu feni ya kupeleka harufu. Na chumba kinanuka karafuu tangu asubuhi.

Bandari_Kuu: Nafuta kauli. Huyu nyuki kawashika.

Hadubini: Na jibu kalitoa mwenyewe. Wanaotoa ulimi kwa feni huenda wamejifunza upepo, maana ndio unaotangulia sukari kila mara. Karafuu haiwaambii kitu, iko chumbani muda wote. Feni iwake mfululizo. Tone moja la mafuta kwenye karatasi ndani ya sirinji, lisukumwe kwenye mkondo wa hewa, na nyuma ya nyuki kuwe na dirisha wazi au feni ya kutoa hewa nje.

Mwana_Mikindani: Lakini msimamizi ameshakubali kichwa cha ripoti. Nikibadilisha sasa ataniona sina msimamo. Miili-uyoga si ndiyo kumbukumbu yenyewe?

Hadubini: Kwa harufu, kwa kiasi kikubwa. Watafiti De Belle na Heisenberg mwaka 1994 walilea inzi wa matunda wasio na miili hiyo. Walinusa vizuri ila hawakujifunza harufu. Lakini wao waliukata ubongo wakauangalia. Wewe umeangalia ulimi. Andika "athari kwa kujifunza harufu", sura ya pili ibaki kama usuli. Tafuta mzinga wa pili mbali na mikorosho, huko Mikindani kwenye minazi. Wote wakae na njaa saa zilezile, asiyetoa ulimi kwa sukari aondolewe kabla ya kuanza. Kila mzinga uwe na kundi linalopewa harufu na sukari kwa kupishanisha dakika 5. Hilo likitoa ulimi kwa harufu sawa na lenzake linalopewa vyote pamoja, ujue si kujifunza.