Maleba ya London ya 1812: tutegemee michoro ya jarida gani?

FundiMaleba:
Ndugu wanajukwaa, nimepewa kazi ya kushona maleba ya wanawake kwa tamthilia ambayo matukio yake ni ya London mwaka 1812, nami nataka kuanzia kwenye michoro ya mitindo ya wakati huohuo badala ya kuiga filamu za siku hizi. Nimebaki na majarida matatu: Repository of Arts la Rudolph Ackermann, lililotoka London kuanzia 1809 hadi 1829, La Belle Assemblée, lililoanzishwa na John Bell katika jiji hilohilo mwaka 1806, na Journal des Dames et des Modes la Paris, ambalo michoro yake ina kichwa “Costume Parisien”. Lipi linamfaa mtu anayekusudia kukata kitambaa?

MkasiNaUzi:
Mimi ningechagua la Paris. Lilitoka kila baada ya siku tano, kwa hiyo mabadiliko madogo ya pindo au kofia hayakupita bila kuchorwa, na Pierre de La Mésangère, aliyelisimamia kwa miaka mingi (mwalimu wa falsafa, mtu wa kanisa, ajabu iliyoje), hakupenda picha zenye vikorokoro. Mara nyingi mwanamke huchorwa peke yake, tena akiwa amegeuka, nasi mafundi tunajua kwamba siri ya gauni iko mgongoni.

BiMelimeli:
Samahani, ndugu MkasiNaUzi, lakini umesahau vita. Mwaka 1812 Uingereza na Ufaransa zilikuwa zinapigana, na mitindo ya miji hiyo miwili ilikuwa imeachana kiasi kwamba, amani ilipopatikana mwaka 1814, Waingereza waliovuka kwenda Paris walikuta viuno vya magauni ya Wafaransa viko juu kuliko vyao. Ukimvika bibi wa London gauni la Paris la mwaka huo, umekosea kabla ya kushika sindano. Zaidi ya hayo, Ackermann alibandika ndani ya matoleo yake ya mwanzo vipande vya vitambaa halisi kutoka kwa watengenezaji wa Uingereza, hivyo ufumaji na mistari unaiona yenyewe, bila kumtegemea mchoraji. Kila mchoro pia hutajwa kuwa ni vazi la asubuhi, la matembezi au la dansi, jambo ambalo mwelekezaji wako atakuuliza katika kila onesho.

RangiYaMaji:
Nakubaliana na Bi Melimeli, ila msiziamini rangi. Mistari ilichapwa kwa bamba la shaba, kisha kila nakala ikapakwa rangi kwa mkono, ndiyo maana nakala mbili za mchoro mmoja zinaweza kutofautiana. Rangi itafute katika maelezo yaliyoandamana na mchoro, na ujihadhari na kurasa zilizochanwa na kuuzwa mojamoja, kwa kuwa maelezo yake hubaki kitabuni. Vipimo navyo usivichukue hapo: wachoraji walirefusha miili kuliko maumbile.

FundiMaleba:
Nawashukuru. Nitafuata Repository, matoleo ya 1811 na 1812, na la Paris nitalitazama kwa swali moja tu, yaani jinsi gauni linavyofungwa nyuma. La Belle Assemblée naona halikupata mtetezi. Vipimo nitavichukua kwa waigizaji wenyewe, kisha nishone kwanza gauni la majaribio kwa kitambaa cha bei nafuu kabla ya kuigusa melimeli.